Lami Imefika, Umeme Umewaka, Kazi Zimehama

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 tu, lakini ndani ya kilomita hizo barabara inashuka karibu mita 900. Mbinga iko zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi, chini kabisa katika Bonde la Ufa. Abiria anayepanda gari asubuhi ya Julai akiwa na koti, na ndani ya koti sweta, huvua kimoja kimoja kadiri kona zinavyozidi, na akifika ufukweni anaulizia maji baridi. Mteremko huo ndio unaoamua mambo ambayo wageni huyaona madogo: maharage yakae jikoni saa ngapi, breki zidumu muda gani, nguo zifuliwe wapi, na mtoto aumizwe na nini.

Kwa miaka mingi mwenyeji wa Mbinga akiulizwa shida zake alianza na mbili: barabara na umeme. Leo zote mbili zimepata majibu. Lami ya Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, ilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, chini ya mkataba uliosainiwa mwaka 2008 na kumalizika 2013. Ikafuata ile ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Upande wa umeme, mji ulitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, baadaye zikasaidiwa na mtambo mdogo wa maji wa Mbangamao, hadi Aprili 2019 Rais John Magufuli alipozindua njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako kwenda Songea na mkoa wa Ruvuma ukaingia rasmi kwenye gridi ya Taifa. Vijijini, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ikapitisha nguzo, na gharama ya kuunganishiwa ikawekwa kuwa shilingi 27,000.

Waliodhani kwamba baada ya hapo mama atapumzika na fundi atakosa wateja walihesabu vibaya. Kazi hazikupungua sana, zimehama. Mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, aliwahi kuandika jambo linalofanana na hilo mwaka 1983 katika kitabu chake More Work for Mother. Alionyesha kwamba majiko ya kisasa na mashine za kufulia zilizoingia katika nyumba za Wamarekani zilipunguza zaidi kazi za wanaume, watoto na watumishi. Baba hakuhitajika tena kupasua kuni, lakini mama alibaki palepale, sasa akitarajiwa kupika vyakula vya aina nyingi zaidi na kufua kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Mashine za kufulia ni chache Umatengo, huku milimani, na Unyasa, kule ziwani, lakini hesabu yenyewe inafanana.

Tuanze na gari, maana ndilo linalosemwa zaidi vijiweni.

Enzi za barabara ya vumbi, na matope wakati wa mvua, Land Rover 109 na malori ndiyo yaliyojua siri za mteremko ule. Gari lilikwenda taratibu kwa sababu halikuwa na namna nyingine. Vilivyokufa mapema ni vya chini: springi zilikatika, bushi zikaisha, shokomzoba zikavuja, boljointi zikalegea. Utingo alikuwa na kazi moja asiyoruhusiwa kuikosea: gari likisimama mlimani aruke na kigogo chake, akisukumize nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi kinyumenyume. Mwendo ule mdogo ulikuwa ukilinda breki bila mtu kukusudia.

Lami imeleta kasi, na kasi imehamisha ugonjwa. Bushi na springi zinapumua. Sasa zinazoteseka ni breki na tairi. Dereva mgeni, hasa mwenye gari la kisasa lenye gia za kujibadili zenyewe, huanza kushuka huku mguu umekaa kwenye pedali ya breki, anaonja, anaachia kidogo, anaonja tena, kilomita baada ya kilomita. Pedi na diski zinapata moto, na moto huo unasafiri hadi kwenye mafuta ya breki. Hapo ndipo penye mtego. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa siku zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yahimili angalau nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea kwa urahisi mahali ambapo mafuta yangegoma. Pedali inazama hadi sakafuni, gari haliitikii, na mbele kuna kona.

Ndiyo maana dereva mzoefu wa njia hiyo hutafuta gia ndogo kabla mteremko haujaanza, injini ikavuma na kulishika gari, na breki akaitumia kwa vipindi: anakanyaga barabara, anapunguza, anaachia ipoe. Gari lenye gia za kujibadili nalo lina nafasi ya gia ndogo, iwe L, 2 au alama ya kutoa, ingawa wapo wenye magari hayo ambao hawajawahi kuigusa tangu walipoyanunua. Kuweka frii ili kuokoa mafuta ni mchezo mbaya. Magari mengi ya kisasa yenye mfumo wa kielektroniki hukata mafuta yenyewe yakishuka na gia bila kukanyagwa moto, kwa hiyo anayeweka frii haokoi hata kile anachodhani anaokoa.

Watengenezaji wengi hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Kwa desturi ya gereji zetu, huongezwa tu yakipungua, na mara nyingi hakuna anayeuliza kwa nini yamepungua. Mara nyingi ni pedi zimelika, pistoni zimesogea nje na mafuta yamezifuata; pengine ni mpira wa ndani unavuja. Kujaza tu bila kukagua ni kufunika jambo lililokuwa linajitangaza.

Kupanda nako kuna yake. Gari linalotoka ziwani limeloweshwa na joto, limebeba abiria, dagaa na magunia, na mlima wenyewe hauna haraka ya kuisha. Rejeta yenye kutu, iliyokuwa ikijazwa maji ya mtoni kila lilipochemka, ndiyo inayoaibika. Mshale wa joto ukipanda, dereva anasimama, anafungua boneti, na hapo hutokea ajali ambayo haiandikwi popote: mtu kufungua mfuniko wa rejeta ikiwa moto. Maji yaliyo ndani yapo chini ya shinikizo, yamepita nyuzi 100 bila kuchemka. Mfuniko ukilegea tu yanaruka yakiwa mvuke na kumchoma usoni na mikononi. Dawa yake ni subira ya nusu saa na kitambaa kizito. Subira, bahati mbaya, si kitu kinachopatikana kirahisi kwenye gari lenye abiria kumi wanaolalamika.

Bodaboda wana dunia yao. Pikipiki za Kihindi na za Kichina zinabeba kila kitu kati ya milima na ziwa: mkaa, saruji, mgonjwa, bibi harusi, mabati yaliyokunjwa. Cheni hulegea, meno ya sproketi huchongoka, shuu za breki ya nyuma huisha. Fundi wa pembeni mwa barabara anaitambua cheni iliyochoka kwa kuivuta kwa kidole kutoka kwenye sproketi ya nyuma. Ikiachana na meno hadi mwanga ukaonekana katikati, maisha yake yamekwisha hata ikikazwa. Kazi nyingine yake ni pancha: tyubu inajazwa upepo, inazamishwa kwenye karai la maji, povu linatoa ushahidi, na kiraka kinabandikwa. Wengi wa mafundi hao hawakupita chuo chochote, na uwezo wao wa kusikiliza injini unastahili heshima kuliko inayotolewa.

Heshima hiyo isizuie kusema la oili. Oili chafu inayomwagwa chini ya mwembe au kwenye mtaro wa gereji haipotei. Mvua ikinyesha inateremka, na kwa Mbinga kuteremka kunaishia mitoni, na mito ya upande wa magharibi inaishia Ziwa Nyasa, ambako watu wanachota maji ya kunywa. Wapo wanaoihifadhi kwenye madumu na kuipaka nguzo na mbao ili mchwa wasile. Hao angalau wameipunguza njiani. Waosha magari na pikipiki wanaoingiza tairi majini kabisa wanavunja sheria bila kujua: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingoni mwa mto.

Liuli, ufukweni kaskazini kidogo ya Mbamba Bay, ina kisa maarufu kuliko vyote vya chombo kushikwa kikiwa kwenye matengenezo. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba ulio pale wenye umbo la sanamu ya Misri. Agosti 13, 1914, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu ikifanyiwa ukarabati. Ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ikafyatua mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades na habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Inasimuliwa kwamba alipanda mtumbwi mdogo akaenda kwa hasira kumuuliza mwenzake kama amelewa. Akawekwa chini ya ulinzi. London waliusherehekea kuwa ushindi wa majini, ingawa kwa kusema kweli ni gari lililopigwa likiwa juu ya jeki.

Kwenye nyumba hakuna mizinga, lakini kuna kusaga. Kabla ya mashine, ugali wa Umatengo ulianzia kwenye kinu na jiwe. Zikaja mashine za dizeli, na kazi ikageuka kuwa safari: gunia la mahindi kichwani, mlima mmoja hadi mwingine, foleni, kurudi na unga. Kati ya mwaka 1999 na 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kwa ushirikiano na Shirika la Japani la JICA, kiliendesha mradi wa maendeleo vijijini uliofanya kazi Mbinga, na katika kijiji cha Kindimba wananchi wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto. Usimamizi wake uliegemea sengu, ule utaratibu wa zamani wa Wamatengo wa wanaukoo kula pamoja na kuamua mambo yao wakiwa wamekaa. Wazo lilikuwa zuri kwa sababu liliutumia mlima kwa faida yake: maji yanayoteremka hayadai dizeli. Lakini hata hapo mfereji unahitaji kuzibuliwa majani na mchanga, na zamu ya kuzibua lazima mtu ashike.

Mahindi yakishasagwa, yanasubiri maharage, na maharage ya Mbinga yanasubiri muda mrefu. Hili si lawama kwa mpishi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango hicho kinashuka kwa karibu nyuzi moja. Mbinga mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 95 na nusu, vijiji vya juu zaidi chini ya hapo, na Mbamba Bay kwenye 98 na kitu. Sufuria inatokota vilevile kwa macho, ila joto lililomo si lile lile, na kuongeza kuni hakulipandishi. Kunamaliza maji tu. Mama aliyeolewa kutoka Unyasa kwenda Umatengo hulijua hilo wiki ya kwanza, hata kama hakuna aliyempa hesabu zake.

Hila zipo, na ni nzuri. Kuloweka usiku kucha kunapunguza muda sana. Mfuniko unaokaa sawasawa, na jiwe safi juu yake, unazuia mvuke kutoroka. Maharage mapya huiva mapema kuliko yaliyokaa ghalani tangu mwaka juzi. Magadi hulainisha, lakini hupunguza baadhi ya vitamini, kwa hiyo yawe kidogo. Sufuria ya shinikizo ndiyo jibu kamili la mlima, kwa kuwa ndani yake maji hupita nyuzi 100 popote ulipo. Kasoro yake ni kwamba wengi huogopa mlio wake, na wanayo sababu: mpira ukichakaa, au tundu la mvuke likizibwa na ganda la haragwe, ni chombo cha hatari. Tundu hilo likaguliwe kwa kulichungulia kwenye mwanga kabla ya kila mapishi. Na maharage yakishaungua chini, yasikorogwe. Yale ya juu yahamishiwe sufuria nyingine, na hata mkwe hatajua.

Baridi ya Juni na Julai ndiyo inayoleta mkasa mbaya kuliko yote, na mkasa huo hauna kelele. Jiko la mkaa likishamaliza kupika huingizwa chumbani ili lipashe joto, mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa kanga. Mkaa unaoungua kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoishika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuja. Aliyelala hashtuki. Mkaa usiotoa moshi unadanganya watu kwamba umeshakuwa salama, kumbe moshi na sumu hiyo ni vitu viwili. Jiko libaki nje, na chumba kipashwe kwa blanketi.

Umeme ulipofika ulitarajiwa kuzimaliza ajali za moto nyumbani, na kwa kiasi umesaidia. Koroboi lililokuwa likiangushwa na kuwasha chandarua limeanza kusahaulika. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa, iliyokuwa mtego kwa watoto wenye kiu, nayo imepungua majumbani, ila imepata pacha: chupa ya maji yenye petroli ya bodaboda, inayouzwa kwenye meza karibu na mama anayekaanga mihogo. Mtoto akinywa mafuta ya aina hiyo asitapishwe, maana yakipanda huingia mapafuni na huko ndiko yanakoua, akimbizwe hospitali. Pasi ya mkaa, iliyorusha cheche na kutoboa shati jeupe la shule asubuhi ya Jumatatu, imempisha dada yake wa umeme.

Ajali mpya zina sura nyingine. Ya kwanza ni hita ya kuchovya kwenye ndoo, kipenzi cha nyanda za baridi. Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 15 hadi 45 hutumia takriban asilimia 70 ya uniti moja ya LUKU, kiasi ambacho wengi hukiona nafuu kuliko mkaa. Tatizo ni mkono. Mtu anachovya kidole kuonja joto hita ikiwa bado imechomekwa ukutani, sakafu ni ya saruji iliyolowa na miguu haina ndala. Hita inachomekwa ikiwa tayari imo majini na inachomolewa kabla mtu hajayagusa. Sheria ni hiyo moja, na mwanafunzi wa darasa la tatu anaweza kuikariri. Ya pili ni waya wa kuongezea soketi: televisheni, friji, chaja nne na pasi vikining'inia kwenye waya mwembamba ulionunuliwa mnadani. Pasi peke yake hula wati 1,000 au zaidi. Waya ukiguswa na kuwa wa moto, umeshatoa taarifa.

Gesi nayo inapanda mlima. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya kilo sita imeshakuwa kitu cha kawaida madukani. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujaa pembeni. Harufu yake kali imewekwa makusudi. Uvujaji haupimwi kwa kiberiti, kama baadhi ya mashujaa wanavyofanya. Unapimwa kwa povu la sabuni kwenye maungio: likivimba, kuna tundu.

Na mtu akiungua, kwa uji, kwa mvuke wa rejeta au kwa mafuta ya kukaangia, dawa ya meno, unga na mafuta ya kula vibaki kabatini. Maji ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, kitambaa safi, kisha hospitali, iwe Mbinga, Litembo au Mtakatifu Anne pale Liuli. Umatengoni angalau maji ya mserereko hutoka yakiwa baridi.

Kule chini ziwani, mama hahangaiki na baridi. Anahangaika na jua, mawingu na kuku. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai zenye kuhitaji pampu, soksi na mafuta ya taa, sasa ni taa za betri na sola. Mitumbwi ikirudi alfajiri, kazi ya wanaume inakuwa imekaribia mwisho na ya wanawake ndiyo inaanza: kununua, kuosha, kutandaza. Usipa uliotandazwa mchangani hukauka haraka lakini hubeba mchanga, na mlaji wa Songea hukasirika jino likigonga. Ule wa juu ya kichanja hupata hewa pande zote, husafishika, na huuzika vizuri zaidi. Wingu likitokea upande wa Malawi kila mtu anakimbia. Dakika kumi za manyunyu zinatosha kugeuza ndoo kadhaa za faida kuwa chakula cha kuku.

Vyombo na nguo huoshewa ufukweni, mchanga ukiwa ndio brashi ya sufuria. Hapo kuna kichocho. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa majini kisha hutoka na kupenya ngozi ya binadamu aliyesimama majini. Watafiti wa ziwa hili wameuhusisha uenezi wake tangu miaka ya 1980 na uvuvi uliokithiri wa samaki wanaokula konokono karibu na ufuko. Anayevua samaki hao kwa kokoro leo anamtengenezea mkewe ugonjwa wa kesho kwenye kufua. Maji yaliyotekwa na kukaa kwenye chombo kwa siku mbili bila konokono huwa salama kwa kufulia, kwa kuwa vimelea hivyo haviishi muda mrefu nje ya mwenyeji. Hilo linamaanisha ndoo zaidi, na ndoo hizo zina mbebaji, na mbebaji huyo kwa kawaida ni msichana.

Kuna pia wale wadudu wa ziwani wasiouma, wanaoinuka juu ya maji makundi kwa makundi hadi mtu akadhani ni moshi wa meli. Upepo ukiwaleta usiku, kila nyumba yenye taa inapata wageni, na sufuria iliyoachwa wazi inapata kitoweo ambacho haikukiomba. Livingstone aliwaona miaka ya 1860 na kueleza jinsi watu wa ziwa hili walivyowakamata na kuwafinyanga kuwa mikate. Siku hizi wengi huzima tu taa na kula gizani, umeme ukiwepo.

Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kabla hazijafika mteremko unadai matengenezo yake ya mwaka. Mashambani Wamatengo wana ngolo, mashimo ya mraba yaliyopangwa mlimani kama sehemu ya kilimo cha vizazi na vizazi: wanaume hufyeka na kulaza majani kwa mistari ya miraba, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, maji yakishuka yanatua shimoni badala ya kubeba shamba. Cha ajabu, mtu aliyejenga ngolo safi shambani unaweza kukuta nyumba yake haina mfereji upande wa mlimani. Maji yanakuja na kugonga ukuta wa tofali, yanalainisha msingi, na ufa unaanza kwenye kona ya dirisha. Mfereji wa jembe moja kwa upana, wenye kuelekeza maji pembeni, unachimbwa na watu wawili kwa asubuhi moja. Juu ya paa, misumari iliyolegea igongwe na mpira wake ubadilishwe, maana bati halivujii katikati, linavujia msumarini.

Fundi wa breki hulipwa, fundi wa umeme hulipwa, wa pancha hulipwa papo hapo. Aliyeloweka maharage, akavumilia moshi, akateka ndoo za ziada kwa ajili ya kichocho na kuamka kuokoa usipa, halipwi na yeyote, na hakuna mradi uliomtaja kwenye kibao cha uzinduzi. Lami na umeme vimekuja kwa mabilioni. Zamu ya ndoo nyumbani inaweza kubadilishwa leo jioni, bure, mvulana naye akapewa yake.

Na wewe unayepanga kushuka Mbamba Bay mwisho wa juma, kagua tairi na badilisha mafuta ya breki hukohuko Songea au Mbinga, ingiza gia ndogo kabla ya kona za kwanza, na usipa wa kurudi nao ufungwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Harufu yake ikishaingia kwenye viti vya kitambaa, hakuna muosha magari Ruvuma nzima anayeweza kuitoa.